Kabla Utume Hio Dipoziti: Venye Unaanza na Ploti na Nyumba za Kukodisha Nairobi

Kila mara chama chetu kikikutana kuna mgeni ananivuta kando ananiuliza, "nimeweka laki sita, ninunue wapi?" Huwa simjibu wapi. Namuuliza ameangalia ploti ngapi bila kulipa chochote. Wengi wanasema moja, na wengine hawajafika hata kwa hio moja, wameona picha tu kwa simu, geti jekundu, nguzo za fensi zimepakwa rangi nyeupe, na maandishi makubwa "taito ziko tayari". Basi namwambia aende aangalie kumi kwanza halafu tuongee.

Sisemi hivo kumvunja moyo. Nimeona pesa ya jasho ikipotea, ya mwalimu, ya mama anauza mitumba Gikomba, ya kijana amerudi kutoka Qatar na akiba ya miaka mitatu, na karibu mara zote kilichowamaliza ni haraka. Mtu anabishana bei wiki mbili, anashushiwa elfu ishirini anafurahi, halafu jioni moja anatuma laki nne kwa mtu ambaye hajui hata jina lake la kitambulisho. Ukinunua bei imepanda kidogo utapona, miaka ikienda ardhi itakufidia. Lakini ukilipia ardhi ambayo sio ya yule amekuuzia hakuna miaka ya kukufidia hapo, utabaki ukipanda ngazi za korti na faili kwa mkono. Kwa hivo karibu kila kitu nitasema hapa ni kazi ya kufanya kabla pesa itoke, na pesa unayotumia kwa hio kazi ni kidogo sana.

Kwanza tuelewane, ploti ni gani

Nairobi ukisema ploti mmoja anafikiria ardhi tupu ya 50 kwa 100, mwingine anafikiria ile nyumba ya vyumba vya kukodisha, "mimi naishi ploti ya mzee fulani". Hizo ni biashara mbili tofauti kabisa. Ardhi tupu haikuletei shilingi kila mwezi, inakaa tu, na wewe unangoja barabara ifike, watu wajenge, bei ipande. Waliokuwa na ploti Kasarani na Ruiru kabla barabara kuu ya Thika ifunguliwe 2012 wanajua utamu wake. Ila kungoja kunataka mtu ambaye hio pesa haihitaji karo ya watoto mwaka ujao. Nyumba za kukodisha zinaleta pesa kila mwezi lakini pia zinaleta simu saa nne usiku, "mwenye nyumba, choo imeziba". Halafu kuna flati, unanunua moja kwa jengo la watu wengi, nitaifikia huko chini.

Kama uko na pesa kidogo sana na hutaki mambo ya mipaka na mabomba, kuna riti, ile mifuko ambayo watu wengi wanachangia na inamiliki majengo, iko chini ya sheria za mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA. Kuna zile za hosteli za wanafunzi za Acorn zilianza 2021, na Laptrust Imara iliingia soko la hisa la Nairobi 2023. Soma ripoti zao kabla uingie, na ujue kutoka sio rahisi kama kutoa pesa kwa Sacco. Mimi moyo wangu uko kwa udongo na mabati, wacha niongee ninachokijua.

Saizi nayo usiwachie broka akuambie. Ploti ya futi 50 kwa 100 watu wanaiita moja ya nane ya ekari, lakini ukipiga hesabu ni futi mraba 5,000 na moja ya nane kamili ni 5,445. Kwa taito haitaandikwa futi, itaandikwa hektari, kitu kama 0.045. Ukiona 0.03 hapo unauziwa 40 kwa 80, hata kama tangazo limesema ingine.

Na ploti nyingi zinauzwa kama za Nairobi haziko Nairobi. Joska, Mlolongo na Syokimau ni Machakos, Kitengela, Rongai na Ngong ni Kajiado, Ruaka, Ruiru na Juja ni Kiambu. Hii sio somo la ramani tu. Ndio itaamua utafanyia sachi wapi (yaani kuangalia kwa rejista ya serikali ardhi ni ya nani), reti, ile ada ya ardhi ya kila mwaka, utalipa kaunti gani, na kama lazima upite kwa bodi ya kudhibiti ardhi.

Pesa hesabu yote, sio bei peke yake

Ukiwa na laki sita usitafute ploti ya laki sita. Kuna ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kama ardhi iko eneo la mji na asilimia 2 kama ni mashambani, na hio unalipa wewe mnunuzi. Thamani yenyewe inaangaliwa na mthamini wa serikali, kwa hivo ukiandika bei ya chini kwa mkataba ukifikiria umeokoa, atakuja na yake. Kuna wakili, kuna sarvea, kuna sachi, kuna ada za kusajili uhamisho, kuna nauli ya kwenda na kurudi mara tano. Mimi hutenga karibu asilimia 10 juu ya bei kwa hayo yote, na kama imebaki nanunua nguzo za fensi.

Kuhusu mkopo, wengi tunaanza na Sacco juu wanakopesha mara tatu ya akiba yako na dhamana ni wanachama wenzako. Sawa, lakini kukopa kununua ardhi tupu ambayo haileti kitu ni kujifunga kamba, kila mwezi mshahara unakatwa na ploti imekaa tu na nyasi. Ningekopa kujenga, singekopa kununua nyasi.

Chama ni njia nzuri, sisi tulianza hivo watu kumi na wawili. Ila chunga kitu kimoja, ardhi ya chama isiandikwe kwa jina la mwenyekiti ati juu ndiye ako na nafasi ya kwenda ofisini. Sajilini kampuni ama muwe na wadhamini walioandikwa rasmi kushikilia ardhi kwa niaba yenu wote, na muandikiane mapema mtu akitaka kutoka analipwa vipi na akifariki fungu lake linaenda kwa nani. Kuongea hayo mkiwa bado marafiki ni rahisi sana.

Enda mwenyewe, enda siku ya wiki, enda na miguu

Nikianza kutafuta kuna kampuni moja ya kuuza ploti ilitupeleka siku ya Jumamosi na basi la bure kutoka katikati ya mji, huko barabara ya Kangundo. Soda, keki, muziki kiasi. Kijana mmoja smati sana akatuambia ni dakika tano kutoka lami, na ofa inaisha Ijumaa, ukiweka elfu ishirini leo ploti yako inashikwa. Watu wanne walilipa hapo hapo wakiwa wamesimama. Mimi nilikuwa karibu nilipe, nilikuwa nishatoa simu.

Jumanne nikarudi peke yangu na matatu. Nikashuka steji, nikaanza kutembea, na hizo dakika tano zikawa dakika arobaini kasoro kidogo. Karibu na pale pa kuingilia kulikuwa na kibanda cha mabati, mama anauza chai na mandazi kwa watu wa mjengo. Nikamsalimia, nikaagiza chai.

"Umeletwa na wale wa basi?" akaniuliza.

"Walinileta Jumamosi mama, leo nimekuja mwenyewe."

"Hapo umefanya vizuri kijana wangu. Keti."

Akanionyesha na mwiko. Upande huu wa mti kuna ndugu wanne hawajakubaliana tangu mzee wao afariki, wako kortini. Upande ule mwingine hauna maneno, lakini mvua ikinyesha maji yanatoka kule juu yanapita hapa yote. "Yanafika hapa," akasema, akagusa mguu wa meza yake. Nikaangalia, kulikuwa na mstari wa matope yamekauka karibu shubiri mbili kutoka chini, umezunguka miguu yote minne. Kwa ile picha ya geti jekundu huo mstari haukuwa.

Tangu siku hio sijawahi kununua mahali bila kunywa chai hapo. Ongea na jirani, na mzee wa mtaa ama wa nyumba kumi, na chifu ukiweza, na watu wa bodaboda juu wao wanajua kila njia na kila kesi. Uliza swali la wazi, "hii shamba ilikuwa ya nani kabla?" na unyamaze usikilize. Wakikuambia mwenyewe alishafariki, usiguse mpaka mirathi iishe kortini na warithi wote wajulikane, mabinti walioolewa pia, juu sheria ya urithi inawapa haki sawa na ndugu zao na wengi wanaruka hapo halafu wanarudi kuona kesi.

Ukiwa hapo angalia juu na chini. Juu, nyaya za umeme mkubwa zina njia yake na ndani ya hio njia hujengi. Chini, kuna bomba la mafuta linapita, kuna akiba ya barabara, ile nafasi imeachiwa barabara, kuna mto. Kijito kikavu cha Januari sio kijito cha Aprili. Mwaka 2024 baada ya mafuriko serikali iliamuru watu waliokuwa ndani ya mita 30 za mito watoke na nyumba zikabomolewa Mathare na kwingine, wenye nyumba na wapangaji wote wakalala nje. Angalia udongo pia. Ule mweusi wa Kitengela, Joska na Embakasi unapasuka jua likiwaka na unavimba mvua ikinyesha, mafundi wanauita blak kotoni, na ukitaka kujenga lazima uuchimbe uutoe ama msingi ushuke mpaka chini yake. Ploti ya bei rahisi kwa huo udongo inaweza kukugharimu msingi wa bei ghali kuliko ploti yenyewe.

Sachi, halafu sachi tena

Muuzaji akikataa kukupa nakala ya taito, kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya ushuru, hapo hakuna biashara, shukuru na uende. Akikupa, unafanya sachi. Kwa ardhi ya Nairobi ni kupitia Ardhisasa, ile mfumo wa mtandao ulizinduliwa Aprili 2021 na Nairobi ndio ilianza nayo, na kwa kaunti zingine unaangalia kama rejista yao imeshaingia huko ama bado ni ya kwenda ofisini kwao. Fanya wewe ama wakili wako. Usikubali sachi ya kuletewa na muuzaji ikiwa imechapishwa vizuri na muhuri juu, karatasi mtu anaweza kujitengenezea.

Ikirudi isome polepole. Jina la mwenye ardhi lifanane na kitambulisho herufi kwa herufi. Saizi ifanane. Angalia kama ni ya milele ama ni lizi, yaani ya kukodishwa kwa miaka fulani, na kama ni lizi imebaki miaka mingapi, juu lizi ya miaka 99 ilianza 1950 inaisha 2049, na benki itakuuliza hio siku utaenda kukopa. Halafu shuka mpaka pale pa vizuizi. Hapo ndipo utaona kama benki imeshikilia taito kwa mkopo, ama kuna mtu ameweka zuio, ama korti imesimamisha.

Mimi upande wa Ruiru nilipata ploti safi kabisa kwa macho, kona, stima iko, na sachi ikaonyesha benki imeishikilia. Muuzaji akaniambia, "hio loan tulimaliza zamani bana, ni karatasi tu haijatolewa." Nikamwambia sawa, wacha itolewe kwanza, mimi nangoja. Nilingoja wiki tatu, simu haikuja, na baadaye nikaona hio ploti kwa tangazo la mnada. Sikufanya ujanja wowote hapo, nilingoja tu karatasi moja.

Na sachi ikiwa safi bado hujamaliza. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa, ilisema taito peke yake haitoshi, lazima hata chimbuko lake liwe halali, na kama ile ardhi ilitolewa vibaya tangu mwanzo hata mtu aliyenunua baadaye kwa nia njema hawezi kujikinga na hio nia njema. Maana yake kwa mimi na wewe ni kwamba lazima wakili aende nyuma, ardhi hii iligawanywa kutoka taito gani ya mama, ile ya shamba zima kabla likatwe, ilitoka kwa nani, kwa nini, na kila hatua imeandikwa kwa rejista. Kama ilikuwa ya umma, ya shule, ya barabara, ya shirika la serikali, ulizia sana. Novemba 2011 Syokimau nyumba za watu zilibomolewa ikisemekana ardhi ni ya uwanja wa ndege, na Oktoba 2023 ikawa hivo tena Athi River kwa ardhi ya kampuni ya simiti ya East African Portland. Watu walikuwa wameshaweka tailsi, wameshahamia, watoto wanaenda shule hapo karibu.

Cheti cha hisa cha kampuni ama cha chama cha kununua ardhi sio taito. Kina thamani yake lakini rejista ya serikali haikitambui kama umiliki wa ploti fulani, na mara nyingi namba moja imepewa watu wawili au watatu. Mimi naruka hizo, hata ziwe bei ya kutupa.

Baada ya hapo lete sarvea aliye na leseni. Ramani ya eneo inapatikana Survey of Kenya pale Ruaraka, anakuja nayo, anatafuta bikoni, vile vyuma vimezamishwa na simiti kwa kona. Kuwa hapo mwenyewe. Shika mkanda upande mmoja yeye ashike ule mwingine, pima kona kwa kona, na uhakikishe ile namba ya taito uliyofanyia sachi ndio hii ardhi umesimama juu yake. Kuna watu walionyeshwa ploti nzuri kando ya barabara na wakauziwa namba ya ploti iko bondeni, karatasi zote zilikuwa za kweli, ila hawakuwa wamesimama mahali pake.

Mkataba na pesa

Wakili awe wako, asiwe ule mmoja "wa kampuni" anasimamia pande zote mbili. Jina lake unaweza kuliangalia kwa chama cha mawakili kama ako na leseni ya mwaka huu, na broka pia, sheria inataka awe amesajiliwa na bodi ya mawakala wa mashamba na nyumba. Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na kushuhudiwa, ahadi ya mdomo ama ya WhatsApp haitakubeba kortini. Kawaida unalipa asilimia 10 kama dipoziti na baki ndani ya siku 90, na hio dipoziti ikae kwa akaunti ya wakili mpaka mambo yaishe, isiende kwa mfuko wa muuzaji. Pesa ipite benki, iache alama.

Mke ama mume wa muuzaji atie sahihi ya kukubali, hasa kama kuna nyumba wanaishi. Na kama ardhi ni ya kilimo, na nyingi za huko nje ya mji bado zinahesabiwa za kilimo, lazima mpate kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila hio kibali mauzo ni batili kisheria, hata kama umelipa yote na mmeshakula mbuzi.

Kwa zile za kulipa polepole miezi kumi na mbili, soma mstari wa kurudishiwa pesa na mstari wa ukichelewa. Uliza taito inahamishwa lini kwa jina lako na iandikwe tarehe. "Baada ya kumaliza kulipa" sio tarehe.

Ukiingia kwa nyumba za kukodisha

Hapa watu wanapiga hesabu ya furaha. Tuseme ni bedsita kumi za elfu nane, mtu anasema elfu themanini kila mwezi. Hapana. Chukua mbili ziko tupu, unabaki na 64,000. KRA wanataka ushuru wa kodi ya nyumba, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, ya pesa yote imeingia kabla utoe gharama, kama kwa mwaka unapata kati ya 288,000 na milioni 15. Hapo ni 4,800, na unawasilisha kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Keateka, maji, taka na stima ya korido tuseme 15,000, ukarabati weka 5,000 hata mwezi ambao hakuna kitu kimeharibika. Umebaki na 39,200. Kama ulikopa milioni 3 kwa riba ya asilimia 14, riba peke yake mwezi wa kwanza ni 35,000, na mkopo wenyewe hujaugusa. Sasa hesabu upya kama bado unaitaka, na kwa bei gani.

Ukinunua nyumba tayari imejengwa, usiamini daftari la mwenyewe. Enda saa mbili usiku, simama ng'ambo ya barabara uhesabu madirisha yenye taa. Rudi siku ingine. Ongea na mama mboga wa pale chini, muulize watu wanahama hama kwa nini, atakuambia kama ni maji ama ni usalama ama ni keateka msumbufu. Maji ndio kila kitu hapa Nairobi, uliza ya mfereji yanakuja siku ngapi kwa wiki, kisima kiko, chumvi ni ngapi, na choo inaenda kwa sua ya kaunti ama ni shimo la kuita eksosa, lile lori la kunyonya uchafu, kila mwezi. Karibu na vyuo, mahali kama Juja na Kahawa, nyumba zinajaa haraka lakini likizo ndefu ikifika unaona tofauti. Pipeline na Kayole watu wako mwaka mzima, lakini ghorofa zimesongamana mpaka mchana unawasha taa, na mpangaji akipata afadhali anahama.

Kujenga nako usiruke hatua, plani ipitishwe na kaunti, mradi usajiliwe na NCA, mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, injinia awe wa kweli na awe anafika saiti. Aprili 2016 pale Huruma jengo la kukodisha liliporomoka usiku wa mvua na watu karibu 50 wakafa. Wale walikuwa wapangaji, walikuwa wamelipa kodi yao. Ukichukua kodi ya mtu umechukua pia jukumu la maisha ya watoto wake, hio siwezi kuisema polepole.

Flati ni fupi. Sheria ya mwaka 2020 ya mali za sehemu inataka kila flati iwe na taito yake, kwa hivo uliza hio taito iko ama unapewa lizi ya zamani tu. Uliza sevisi chaji ni ngapi na nani anaisimamia, na kama lifti ikiharibika pesa iko. Ile ya kununua kabla ijengwe bei huwa tamu, lakini hapo unakuwa unamkopesha mjenzi bila dhamana, kwa hivo angalia amemaliza majengo mangapi hapo nyuma na uende ugonge milango ya waliohamia. Airbnb inalipa kwa mwenye muda wa kusafisha na kupokea wageni, ama wa kulipa mtu wa kazi hio. Usiihesabu kama kodi ya kawaida.

Siku ya kuuza pia ifikirie mapema. Ushuru wa faida ya mtaji ulipanda kutoka asilimia 5 mpaka 15 kuanzia Januari 2023, na ni wa muuzaji. Ukinunua milioni 3.5 ukauza 4.5, faida ni milioni moja, kwa hivo ushuru unaweza kufika 150,000, ukitoa gharama ulizo na risiti zake, na ndio maana nawaambia watu waweke risiti hata ya sarvea. Ardhi ya mtu binafsi ikiuzwa isiyozidi milioni 3 haitozwi. Kununua leo na kuuza baada ya miezi sita kunalipa wachache sana ukishatoa stempu ya kwanza, wakili mara mbili na broka.

Uhamisho ukikubaliwa na taito mpya ikitoka, usiiweke kabatini ukasahau. Weka fensi hata ya waya na miti, panda mahindi, lipa jirani kitu kidogo akuangalilie, lipa reti kila mwaka na uweke risiti kwa faili moja. Na wiki hio hio, kabla hata uambie watu, ingia tena ufanye sachi ya ile namba, usubiri ifunguke, na usome jina lako herufi kwa herufi venye ulisoma la yule aliyekuuzia.